Kioo cha Nyuma

Saa tisa alasiri, na mlima Storskar ulikuwa giza tayari.
Magari tisa yalipangwa mbele ya kizuizi
yakingoja kuvushwa.
Ragnfrid Haugland alikaa mbele, juu ya katapila la theluji,
miaka kumi na tisa ya njia ile mikononi mwake.
Mkiani kabisa, Eivind:
wiki ya tatu kazini, glavu bado zanukia duka.

Upepo ulifuta nguzo, ukafuta ukingo,
ukafuta mstari wa njano,
pakabaki weupe na ngurumo ya injini.
Ndipo redio ikakwaruza:
"Ragnfrid, samahani, nadhani kuna—"
"Huku hatudhani. Tunaendesha.
Acha mstari wazi."

Kijana akaacha mstari wazi.
Uwazi ule ulidumu kilomita sita.

Bondeni, kwenye kituo cha mafuta, alishuka kuhesabu.
Nane.
Akarudia, safari hii akigusa kila boneti kwa kiganja,
kama boneti ingeweza kujificha.
Nane.

Gari la tisa lilipatikana saa tatu baadaye
mtaroni, chini ya kona ya nne, dirisha limepasuka.
Ndani, Torgunn, mwalimu mstaafu wa piano,
paka ndani ya koti lake,
akitaja majina ya wanafunzi wake wote ili asisinzie.
Alikuwa amefika herufi ya S.
Mzima, ila vidole viwili vya mguu.

Hakuna aliyelaumiwa. Ripoti iliandika: hali ya hewa.
Hali ya hewa ni mpagazi mwema:
hubeba kila mzigo
wala haulizi ni wa nani.

Usiku, gereji tupu, katapila likidondosha maji,
Ragnfrid alipanda tena kitini, akawasha taa ya dari.
Lugha ninayomsimulia ina neno moja kwa vyote viwili:
kioo cha kuonea njia, kioo cha kujionea.
Mchana alikuwa nacho kimoja.
Sasa giza la nje lilikigeuza kile cha mbele,
na humo akamkuta mwanamke wa kofia ya sufu,
midomo bado imebana
palepale ilipoachia "Tunaendesha".

Mlangoni mwa kabati lake, mwaka wa kwanza,
aliandika kwa kalamu ya wino: *Kila mtu afike.*
Hakuandika kila gari. Hakuandika kwa wakati.
Wino umefifia; mwaka huu ametundika juu yake
ratiba ya zamu.

Waliosema mkubwa ni jalala walijua
kwamba jalala halichagui kinachotupwa.
Yeye alikuwa sakafu iliyopigwa deki:
watu walivua viatu kabla ya kusema.

Na neno lenyewe, uongozi, lisikilize:
ukilikata kabla halijafika mwisho
unabaki na uongo.

Asubuhi, madereva saba, kahawa nyeusi.
Alikuwa na hotuba. Ilimponyoka.
"Eivind. Jana ulisema 'nadhani kuna'. Malizia."
Kijana aliongea na kikombe chake:
"Taa. Nilidhani kuna taa imepungua."
Friji ilinguruma peke yake kwa muda.
"Nilikukata," Ragnfrid alisema.
"Torgunn alianguka ndani ya hapo nilipokukata."

Aslak, mkongwe wa zamu, akaguna:
"Redio ikijaa dhana za kila mtu, tutafika lini?"
"Sijui," alijibu. Na kweli hakujua.

Alasiri ileile, kona ya nne, theluji ya ubavu,
redio ikakwaruza:
"Nadhani kuna kitu barabarani, kulia."
Ulimi wake ulishainuka. Akaushusha.
"Nakusikia. Endelea."
"Kinasogea. Subiri. Ah... ni mbweha."
Mtu mmoja alicheka, pengine Aslak.
"Asante," alisema Ragnfrid,
akainua macho kwenye kioo cha nyuma, akahesabu,
akachelewa dakika kumi na moja.